Mapigo Kabla ya Sindano

Kwanza mkono, kisha sindano. Ndivyo tulivyofundishwa sisi manesi wa akili wa kizazi changu, na aliyeruka hatua hiyo alikiona cha mtema kuni mbele ya matroni. Mgonjwa akija kuchomwa Largactil, unamkalisha, unamshika kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, unahesabu mapigo dakika nzima huku jicho likiwa kwenye saa iliyoning'inia kifuani pako. Unamfunga mkanda wa presha, unapima akiwa amekaa, halafu unamsimamisha na kupima tena. Presha ya juu ikiwa chini ya 90, sindano inarudi kwenye trei na daktari anaitwa. Ikiwa nzuri, anachomwa takoni, polepole kwa sababu dawa yenyewe inawasha, kisha analazwa kwenye benchi. Nusu saa. Haruhusiwi kuinuka hata mkojo ukimbana, analetewa chombo. Akishapimwa tena ndipo anavaa viatu.

Nataka kusimulia desturi hiyo ilikotoka, ilivyoingia Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, na ilivyopotea pasipo mtu yeyote kutoa amri kwamba iachwe. Mwenye mgonjwa nyumbani, awe Kayole au Maringo, anajua dawa za akili huleta usingizi, mate kujaa mdomoni, mikono kutetemeka, miguu kuburuta. Hayo hata jirani anayaona. Kwamba baadhi ya dawa hizo hugusa moyo, ni wachache walioambiwa.

Mimi ni mtoto wa Makongeni. Baba alikuwa fundi wa reli na tuliishi katika nyumba za reli, nikaja kuolewa Jericho, ambako nipo mpaka leo. Utotoni mwetu mtoto mkorofi alitishwa kwa maneno mawili tu: "Utapelekwa Mathare." Hospitali yenyewe hatukuwahi kuiona, ingawa haikuwa mbali. Ukitoka Eastleigh ukavuka Juja Road, ukateremka bondeni, ukavuka mto na kupanda ng'ambo, umefika. Ilianza 1910 ikiwa nyumba ya kufungia wendawazimu wa Nairobi, mahali palipokuwa pa kuwatengea wagonjwa wa ndui. Mwaka 1924 ikaitwa Hospitali ya Akili ya Mathari. Wodi zilipangwa kwa rangi, sawasawa na jiji lilivyopangwa: Mzungu kwake, Mhindi kwake, Mwafrika kwake. Wengi wa Waafrika wa mjini waliokuwa wakiletwa walitoka upande wetu huu wa mashariki, kwa kuwa ndiko serikali ilikowajengea: Pumwani, Shauri Moyo, Muthurwa, Kaloleni, Ziwani.

Kabla ya miaka ya 1950 dawa ya akili kwa maana tunayoijua sasa haikuwapo popote duniani. Palikuwa na kufuli, kazi ya shamba, na vitu vya kumlaza mtu. Wazee wa kazi niliowakuta walikuwa bado wakisimulia paraldehaidi, dawa ya maji yenye harufu inayokaa kwenye pumzi ya mgonjwa siku nzima, na ambayo ilibidi ivutwe kwa bomba la kioo kwa sababu inayeyusha plastiki. Huko Ulaya walijaribu makubwa zaidi. Mwaka 1934 Meduna, daktari wa Budapest, alianza kuwatia wagonjwa degedege za makusudi, na si muda akashika kadiazoli, dawa ambayo madaktari wengine walikuwa wakiitumia kuamsha moyo uliolegea. Miaka minne baadaye Waitaliano wawili, Cerletti na Bini, wakaleta umeme. Kwa hiyo moyo na kichwa vilikutana mapema katika kazi yetu, na mkutano wa kwanza haukuwa wa heri.

Siwezi kupita hapa bila kumtaja J. C. Carothers, aliyeiongoza Mathari kuanzia 1938 hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika, ambamo alimlinganisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikamtaka aeleze saikolojia ya Mau Mau. Ni mwaka huohuo, mwezi wa Aprili, ambapo askari waliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil, wakapekua mitaa ya Eastlands nyumba kwa nyumba na kuwapakia kwenye malori maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru. Baba alisimulia jinsi Bahati ilivyobaki na milango wazi. Daktari anayeamini kwamba akili ya mgonjwa wake haijakamilika hana haja ya kumuuliza anajisikiaje, na wodi aliyoiacha nyuma yake haikuwa na mazoea ya kuuliza. Nesi aliyetufundisha kushika mkono alisema vidole ndivyo vilivyokuwa vikiuliza.

Wakati hayo yakitendeka hapa, dawa ilikuwa imeshapatikana Ufaransa, na imepatikana kwa njia ya mishipa ya damu. Hili ndilo ninalopenda kuwakumbusha vijana. Henri Laborit alikuwa daktari mpasuaji wa jeshi la majini. Shida yake ilikuwa wagonjwa waliokufa mezani au baada ya kupasuliwa kwa sababu mwili umeshtuka na presha imeporomoka. Alitafuta kitu cha kuutuliza mfumo mzima wa neva kabla ya kisu. Kampuni ya Rhône-Poulenc ilikuwa na ukoo wa dawa za mzio; Phenergan ambayo mama wa Buruburu anampa mtoto mafua yakimzidi ni ya ukoo huo. Mkemia wao Paul Charpentier akatengeneza ndugu mpya, klopromazini, na Laborit akaona kwamba anayepewa hapotezi fahamu lakini hajali tena kinachomzunguka. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris, Jean Delay na Pierre Deniker wakaijaribu kwa wagonjwa wa akili. Waliokuwa wakipiga kelele miaka nenda miaka rudi walinyamaza, na wengine wakaanza kuongea na watu. Dawa ikauzwa kwa jina la Largactil, na ndani ya miaka michache ikawa imeenea kila bara.

Basi dawa iliyozaliwa chumba cha upasuaji ilikuja na tabia za huko. Inalegeza mishipa ya damu. Mtu akisimama ghafla, damu inabaki miguuni, presha inashuka, anaanguka. Wafaransa waliwalaza wagonjwa wao tangu siku za kwanza, na ndiyo asili ya benchi letu. Haikuwa hekima ya Mathari wala ya mahali pengine popote Afrika. Ilikuja pamoja na sanduku la dawa.

Nilipoingia kazini, mwishoni mwa miaka ya 1970, desturi hiyo ilikuwa imekomaa, na ilikuwa imezaa kitu ambacho Wafaransa hawakukikusudia. Ukimshika mtu mkono dakika nzima, unapata habari zaidi ya ulizozitafuta. Unajua kama ana homa. Unajua kama hajala tangu jana. Na unaujua mwendo wa moyo wake, kwa sababu vidole vitatu vilivyozoea havihesabu tu. Vinasikia pigo lililochelewa, lililorukwa, mawili yaliyofuatana haraka kisha kimya.

Namkumbuka mama mmoja wa Shauri Moyo, muuza mitumba Gikomba, aliyekuja kwa miguu na binti yake kwa sindano ya kawaida. Alikuwa mchangamfu siku hiyo, akatutania kwamba tunamshika mkono kila mara na hatumposi. Chini ya vidole vyangu mapigo yalikwenda manne, likarukwa moja, matatu, likarukwa, mawili. Nikarudia. Nikamwita mwenzangu naye akashika, akanitazama. Binti akaulizwa. Kumbe mama alikuwa ametoka Busia kwenye matanga, amerudi na homa, akanunua kwinini kwa kemisti, na kwa siku mbili alikuwa akiharisha na kutapika. Sindano ilirudi kwenye trei. Daktari akamtundikia maji, akaagiza damu ipimwe, na mama akalala wodini akilalamika kuhusu marobota yake sokoni. Alipokuja tena mapigo yalikuwa yamenyooka, akachomwa. Sikujua wakati ule kwamba kuharisha huondoa potasiamu mwilini, kwamba kwinini nayo hugusa umeme wa moyo, na kwamba vitu hivyo viwili pamoja na klopromazini ni kundi baya. Nilijua tu kwamba mkono haukuwa sawa.

Kilichoondoa benchi ni dawa nzuri zaidi. Flufenazini iliyochanganywa na mafuta, iliyouzwa kwa jina la Modecate, ilipatikana mwishoni mwa miaka ya 1960. Inachomwa ndani ya msuli na kujiachia kidogokidogo kwa wiki mbili, tatu, hata nne. Eastlands iliipa jina lake mara moja: sindano ya mwezi. Sitaki mtu adhani naisema vibaya. Iliwatoa watu wodini. Mwanamume aliyekuwa akirudishwa Mathari kila miezi michache kwa kuwa alikuwa akitupa tembe chooni, sasa angeweza kukaa kwake Mbotela, akafanya kibarua chake Industrial Area, akaja kliniki mara moja kwa mwezi na kurudi na basi la KBS kabla ya chakula cha mchana. Nimewaona waliooa, waliosomesha, waliozeeka wakiwa na funguo za nyumba yao mfukoni.

Ila Modecate haiangushi watu kwa presha jinsi Largactil inavyowaangusha. Hakukuwa na haja ya kulala nusu saa. Benchi likawa la kukalia wanaosubiri. Na kwa kuwa sababu ya kupima ilikuwa ni kulala, kipimo nacho kikaondoka na benchi. Hakuna waraka uliosema manesi waache kushika mikono. Foleni ilikuwa ndefu, nesi mmoja, jokofu moja, watu wametoka Dandora asubuhi na mapema, na kadi inadai vitu vitatu: tarehe, kipimo cha dawa, sahihi. Nafasi ya mapigo ilikuwapo kwenye kadi za zamani. Kadi zilipochapishwa upya, ilikuwa imeondolewa.

Juu ya sindano ya mwezi tulimpa mtu Artane, ili asikakamae. Artane nayo humwendesha mtu moyo mbio. Vijana wa mitaani waliligundua hilo kabla ya wengi wetu, wakaanza kuzinunua tembe zile kwa ajili ya kulewa, na wagonjwa wakawa wanazigeuza pesa. Mgonjwa anayetafuna miraa ya Eastleigh usiku kucha na kumeza Artane asubuhi alifika kliniki na mapigo 130, na tulipokuwa bado tunashika mikono tulimrudisha nyumbani anywe maji alale. Baadaye tulimchoma tu.

Mwaka 1977 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya dawa za lazima. Klopromazini, haloperidoli na flufenazini zilikuwamo. Ni dawa za bei ya chini na zinafanya kazi, na mpaka leo ndizo mhimili wa kliniki za serikali. Haloperidoli ilitengenezwa na Mbelgiji Paul Janssen 1958, na katika Eastlands ndiyo dawa anayokutana nayo kwanza mtu aliyeletwa amefungwa kamba. Kisha, mwisho wa 1989, ukaja mpango wa kuchangia gharama za matibabu. Kila kipimo kikawa na bei. Mkono wa nesi ulikuwa bure, lakini mkono ulishaachwa. Sasa kilichobaki ni mashine, na mashine ya kupima umeme wa moyo ilikuwa mjini, kwa miadi, kwa pesa. Daktari aliyeandika "apimwe moyo" kwenye karatasi ya mtu wa Kariobangi alijua vizuri karatasi hiyo itaishia wapi.

Vifo vya ghafla vilikuwapo. Si vingi, na tusitishane. Kijana wa miaka thelathini na kitu analala salama, asubuhi haamki. Mama wa makamo anaenda bombani, anaanguka, hainuki. Ikiwa marehemu alikuwa "yule wa Mathare", mtaa haukuuliza sana. Wengine walisema amerogwa, wengine kifafa, wengine kwamba amejinywea sumu, na familia iliyotaka kuepuka neno hilo la mwisho ilifanya haraka kumpeleka nyumbani. Harambee ya jeneza, gari la kwenda Kakamega au Machakos, basi. Upasuaji wa maiti haukufanywa, na hata ungefanywa usingeonyesha kitu, kwa sababu moyo uliosimama kwa hitilafu ya umeme hauachi alama. Ukiukata unaukuta mzima. Kwa hiyo siwezi kusema fulani wa mtaa fulani aliuawa na dawa, na yeyote anayesema hivyo bila karatasi ya mapigo anabahatisha.

Karatasi hiyo huko ughaibuni ilikuwa imeshaongea zamani. Mwaka 1963 madaktari wa Kanada waliandika kuhusu thioridazini, ambayo sisi tuliijua kwa jina la Melleril. Waliona mistari ya moyo ya wagonjwa wao imebadilika, na wawili walikuwa wamekufa. Melleril ilipendwa kwa upole wake: haikakamazi shingo, haitetemeshi mikono, ndiyo maana wazee walipewa hiyo. Hapa tuliiona zaidi kwa wenye uwezo, waliotumwa na daktari wa mjini kuinunua kemisti. Miaka mitatu baada ya Wakanada, Mfaransa François Dessertenne akaeleza aina ya mwendo wa moyo ambapo mistari ya karatasi inajisokota kuzunguka mhimili wake, mtu anazirai, na ama moyo unajirudi wenyewe ama haurudi.

Kinachotokea ni hiki. Kila baada ya pigo, chembe za moyo hujitayarisha upya kwa kutoa potasiamu nje kupitia vijilango maalumu. Dawa kadhaa za akili, thioridazini hasa, huziba baadhi ya vijilango hivyo, na muda wa kujitayarisha, unaoitwa QT, unarefuka. Ni matatu ya Jogoo Road saa kumi na moja jioni: wa nje akijitosa mlangoni kabla wa ndani hajashuka, wote wanakwama hapo. Pigo jipya likifika kabla lile la kwanza halijamaliza, umeme unazunguka ovyo. Hatari inaongezeka kwa wanawake, kwa wazee, kwa aliyezaliwa na QT ndefu, kwa aliyepungukiwa potasiamu au magnesiamu, na kwa anayemeza dawa mbili zenye tabia hiyo kwa wakati mmoja. Hapo mwisho ndipo Eastlands inapohusika, kwa sababu kemisti wetu huuza erithromaisini, kwinini na nyingine za namna hiyo bila kuuliza mtu anatumia nini kingine. Halofantrini, tuliyoijua kwa jina la Halfan, ilikuwa dawa ya malaria ya wenye pesa kidogo katika miaka ya 1990. Mwaka 1993 madaktari wa mpakani mwa Thailand walionyesha jinsi inavyorefusha QT, na hapa bado ilinunuliwa kwa ushauri wa jirani.

Na vidole vyangu? Havioni QT. Lazima niseme hivyo, kwa sababu wastaafu tuna ugonjwa wa kuisifu kazi yetu ya zamani. Mtu anaweza kuwa na QT ya kutisha na mapigo yaliyonyooka kabisa. Mkono humkamata yule ambaye mambo yameshaanza kumwendea kombo, yule wa kuharisha, wa homa, wa miraa, wa presha iliyoshuka. Yaani humkamata mtu ambaye leo si siku yake ya kuchomwa. Kwa mitaa isiyo na mashine, hilo halikuwa jambo dogo.

Mwaka 2000 Uingereza na Marekani zilibana matumizi ya thioridazini, na 2005 kampuni ya Novartis ikaiondoa sokoni duniani kote. Hesabu mwenyewe: tangu Wakanada waandike, miaka 42. Ikiwa nchi zenye mashine kila wodi zilichukua muda huo, sioni ajabu kwamba kliniki yenye jokofu moja haikujua.

Dawa mpya zilipoingia, tuliambiwa matatizo yamekwisha. Olanzapini, risperidoni, kwetiapini: hazimkakamazi mtu, hazimburuti miguu. Mwaka 2009 Wayne Ray na wenzake wa Tennessee walichapisha hesabu yao. Waliwafuatilia watu 44,218 waliotumia dawa za zamani, 46,089 waliotumia mpya, na 186,600 wasiotumia yoyote. Hatari ya kufa ghafla kwa moyo ilikuwa mara 1.99 kwa zile za zamani na mara 2.26 kwa mpya. Yaani takriban mara mbili, huku na huku, na kadiri kipimo cha dawa kilivyopanda ndivyo hatari ilivyopanda. Tena olanzapini huleta njaa isiyoshiba. Mwanamke wa Umoja aliyeolewa mwembamba anaongeza kilo baada ya kilo, sukari inafuata, presha inafuata, na moyo unapigwa kutoka mlango wa nyuma, polepole, kwa miaka.

Klozapini ina kisa chake peke yake. Mwaka 1975 watu wanane walikufa Finland baada ya chembe nyeupe za damu yao kuisha, dawa ikawekwa kando karibu kila mahali, kisha ikarudi mwisho wa miaka ya 1980 kwa sababu hakuna nyingine inayomsaidia mgonjwa aliyeshindikana. Ilirudi na sharti la kupima damu. Watu walikodolea damu macho, na 1999 Waaustralia wakaripoti kitu kingine: katika wagonjwa 8,000 hivi, 23 walipata uvimbe au udhaifu wa msuli wa moyo, na wengi wa wale wenye uvimbe waliupata ndani ya wiki chache za kwanza. Dalili zake ni homa, kuchoka, moyo kwenda mbio, pumzi kukata. Mtu wa Eastlands mwenye homa na uchovu huambiwa ana malaria au taifodi, anapewa dawa, anaambiwa aendelee na zile za kwanza.

Hata hivyo nimekaa na watu wengi mno walioacha dawa, siwezi kukosa kuongeza jambo la pili. Wafini hao hao, mwaka 2009, waliangalia taifa lao zima na kukuta kwamba wagonjwa wa skizofrenia waliotumia klozapini ndio waliokufa wachache zaidi, na kwamba wasiotumia dawa yoyote kwa muda mrefu walikufa zaidi kuliko wanaotumia. Na karibu nasi, huko Butajira nchini Ethiopia, wagonjwa wa akili waliofuatiliwa miaka kumi walipoteza karibu miongo mitatu ya umri wao, karibu nusu ya vifo vikiwa vya maradhi ya kuambukiza. Kichaa asiyetibiwa analala nje, anakula jalalani Dandora, anapigwa na umati kwa kudhaniwa mwizi. Moyo wake hauna nafasi ya kufa kwa QT. Mama anayesoma haya akaenda kuficha tembe za mwanawe atakuwa ameniumiza.

Tangu 2013 kliniki za mitaa ziko chini ya kaunti, na Mathari imebaki ya taifa. Mwaka huo huo, mwezi wa Mei, wagonjwa 40 walitoroka pale kwa siku moja, na nchi ikacheka. Waliokuwa kazini hawakucheka. Mwaka 2020 jopo lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilitaka afya ya akili itangazwe dharura ya kitaifa, na 2022 sheria ya afya ya akili ya 1989 ikafanyiwa marekebisho. Yote mema. Sikuona ndani yake mstari wa mtu kushikwa mkono, na sitarajii Bunge liandike mambo ya mkono.

Kliniki sasa zina mashine ya presha ya betri. Inabonyezwa, inanguruma, inatoa namba tatu, moja ikiwa mapigo: 84. Nesi anaandika 84. Ukimshika yuleyule mkono unaweza kukuta 84 zenye mapengo, na hilo mashine nyingi za bei ya chini hazilisemi. Nimebishana kuhusu jambo hili na nesi mmoja niliyemfundisha, ambaye sasa ndiye msimamizi wa kliniki katika kona fulani ya Eastlands. Ananiita Mama, na kwa adabu yote huniambia nimepitwa.

"Mama, hata ningeshika mikono yote, foleni itaishia saa kumi na mbili. Mimi nawauliza."

Anauliza vitu vitatu wakati bomba linajazwa. Umewahi kuzirai? Kuna mtu kwenu aliyekufa ghafla akiwa kijana? Umenunua dawa gani kemisti tangu tuonane? Akijibiwa ndiyo kwa lolote, mgonjwa anakwenda kwenye mashine ya umeme wa moyo kabla ya sindano, na kama mashine imeharibika anasubiri ipatikane nyingine. Nilimuuliza anayaandika wapi majibu hayo. Akanionyesha kadi. Pale pembeni, juu ya tarehe, mahali pasipo na kisanduku, alikuwa amechora kwa kalamu nyekundu visanduku vitatu vidogo, na kwenye kadi iliyofuata vilevile, na iliyofuata. Nikamwambia achore na cha nne cha mapigo. Akasema nafasi imekwisha, labda upande wa nyuma.